Beseni Chini ya Meza

Miguu yangu inawaka moto usio na moshi. Hiyo ndiyo shida yake. Ukiungua na uji, watu wanaona lengelenge, wanakupa pole. Mimi ukinitazama unaona nyayo za bibi tu, zenye magaga, kumbe ndani ni kama nimekanyaga makaa halafu siafu wakaja kumalizia. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeharibika, na haya maumivu nitakaa nayo. Akaniandikia vidonge vya kumeza siku zote. Vidonge hivyo vimekula mbuzi wangu, vikala cherehani, na sasa vinalitazama shamba langu la Ndalambo kwa jicho la tamaa.

Kwa hiyo sokoni lazima nije. Nauza mchele hapa Tunduma, kizimba cha pembeni, jirani na Ketrina muuza dagaa. Zamani nilipanda lori mwenyewe mpaka Kamsamba kuchagua mchele. Siku hizi siwezi. Jairo ndiye ananiletea magunia, namlipa nikishauza. Jairo ni kijana mzuri, ila mgonjwa hamkopeshi. Nilimwona alivyoacha kumletea mzigo mzee Efraimu, muuza mchele mwenzangu, mara tu mzee alipoanza kukohoa.

Ndiyo maana nilinyamaza. Chini ya meza nikaweka beseni la maji baridi, nikatumbukiza miguu, nikafunika meza kwa kitenge kinachofika chini kabisa. Nesi alinikataza mambo ya beseni, lakini nesi halali na miguu yangu. Juu nacheka na wateja, chini vidole vinalia peke yao.

Basi mchele ukatoka kwelikweli. Kwa kuwa sikuweza kuinuka kwenda kupiga soga, kila mteja alinikuta. Wanawake wa Zambia wakivuka mpaka wanaanzia kwangu, wananiita mama kwa lugha yao: "Mayo, punguza bei!" Tunataniana, wananunua. Ketrina akawa anatazama. Bibi hainuki. Asubuhi anaingia na ndoo ya maji, jioni anayamwaga, na dagaa wa jirani hawatoki. Akajumlisha mwenyewe, akapata jibu: chuma ulete. Yaani nina dawa ya kuvuta hela za wenzangu.

Alhamisi akaja Shaban, mwenyekiti wa soko, na wajumbe wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona wengi hivi, mmeleta posa?"

Akakohoa. "Bibi Fausta, kuna malalamiko. Wanasema chini ya meza una kitu. Tunaomba tuangalie. Kama kipo, kizimba utakiachia."

"Shaban mwanangu, unataka kuchungulia chini ya kitenge cha mjane mchana kweupe, na mkeo Mwanamvita yuko pale anauza vitumbua?"

Watu wakaangua kicheko. Shaban akashika kofia yake kama inataka kukimbia. Angeondoka, ila Ketrina akapaza sauti: "Basi asimame! Kama hana kitu, asimame tu!"

Na hapo hapo Jairo anatokea, gunia begani.

Nikapima. Nikikataa, mimi mchawi, kizimba kimekwenda. Nikifunua, mimi mgonjwa, mchele umekwenda. Lakini bibi anayeitwa mchawi hapati usingizi wa salama. Nikafunua.

Miguu miwili ndani ya beseni, imekunjamana kama maharage yaliyolala majini.

"Chuma ulete yangu hiyo," nikasema. "Inawaka usiku na mchana. Anayeitaka achukue, nampa na beseni."

Safari hii hakucheka mtu. Shaban akanipa pole, akaondoka na watu wake. Jairo akatua gunia polepole.

"Tangu lini, bibi?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeleta?"

Alilitazama gunia, akaitazama miguu. Mwishowe akasema atakuwa ananiletea nusu ya mzigo wa zamani, tuone. Nusu! Vidonge navyo havijui nusu. Nikamshukuru, nikainama kupanga mawe ya mizani ili asinione uso.

Kesho yake Ketrina alinikuta nakokota ndoo. Akaninyang'anya. "Kaa, bibi. Nitateka mimi." Jioni akamwaga yeye. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Tangu siku ile maji ni kazi yake, na mimi nguvu inayobaki naimalizia kwenye mchele, hata ule wa nusu unatoka mapema.

Juzi nikamchungulia. Maji yangu hayamwagi mtaroni. Anayabeba mpaka nyuma ya meza yake, anaangalia huku na huku, kisha anayanyunyiza chini ya dagaa.

Nimenyamaza. Nikimwambia ni maji ya miguu tu, kesho nani atanitekea? Na jana, jua halijashuka vizuri, akaja na kuinama sikioni kwangu.

"Bibi, umeloweka vya kutosha?"

"Bado kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Ngoja yakolee."