Mjomba Aliyekuwa Ziwa

Perez Aloo alikuwa na ndugu mmoja tu, na mara ya mwisho kumwona, ndugu huyo hata jino alikuwa hajaota. Baba yao, Otiende, alikuwa ametoka Nyanza kuja kulima ngano ya mzungu, upande ule ambao siku hizi unaitwa Moi's Bridge. Mama yao alifariki akimzaa yule mtoto, na kabla mwaka haujaisha malaria ikamchukua na baba. Bibi akaja kutoka nyumbani kuwachukua wajukuu. Perez aliweza kutembea, lakini mtoto mchanga alikuwa akinyonyeshwa na jirani, mama mmoja Mkikuyu aliyeitwa Nyaguthii, pamoja na mtoto wake mwenyewe. Bibi hakuwa na maziwa ya kumpa. Akasema atarudi mtoto akiacha kunyonya. Hakurudi. Kwanza miguu ilimkataa, kisha vita vya wazungu vikaanza, halafu Perez mwenyewe akaolewa, akapata watoto, na miaka ikaenda.

Jina pekee alilojua la ndugu yake ni Ouma.

Mwaka wa 1985, akiwa mjane, Perez alihamia Eldoret kukaa na kitinda mimba wake, Benta, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kurudi karibu na mahali alipozaliwa kulimwamshia mambo. Asubuhi moja, akichambua maharagwe kwenye sinia, alimwambia bintiye, "Wewe umesoma, Benta. Ouma si sindano, hawezi kupotea hivi hivi. Nitafutie."

Benta aliguswa. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo wakati huo hakutaka kulitazama. Kaka yake mkubwa, Jeconia, alikuwa mtu wa benki Nairobi, na katika ukoo wao neno la Jeconia ndilo lililofunga kila mazungumzo. Benta alikuwa yule wa chaki, yule wa kubaki na Mama. Hapa palikuwa na kazi ambayo Jeconia hakuwahi kuifikiria.

Alimwendea Kinyanjui, mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari, aliyekaa Yamumbi. Kinyanjui aliwahi kufuatilia ukoo wa babu yake kwa ajili ya kesi ya shamba, na watu walijua anaelewa mambo hayo. Alimkaribisha chai, akamfundisha kama mwanafunzi wake. Aanze na yeye mwenyewe, alimwambia, arudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Kila jina aliandikie alikolitoa: nani alilisema, au ni rejista ya kanisa gani. Asitarajie kukuta jina vile linavyotamkwa nyumbani, maana padri mzungu aliandika alichosikia. Akimkosa mtu, awatafute waliokuwa karibu naye, yaani majirani, wasimamizi wa ubatizo, mashahidi wa ndoa. Tena asisahau kusoma pembeni mwa ukurasa, kwa sababu kwa Wakatoliki mtu akioa, habari hurudishwa kule alikobatizwa ikaandikwa hapo.

Alipokuwa akimsindikiza hadi barabarani, Kinyanjui aliongeza jambo ambalo Benta alilisikia kwa sikio moja tu. "Ukipata habari ya mtu aliye hai, Mwalimu, acha karatasi uende kwake kwanza. Karatasi utazikuta."

Likizo ya Aprili ilipofika Benta alikaa na mama yake jikoni akamchokoa kumbukumbu. Mzungu wa shamba waliyemwita Bwana Miwani. Kanisa la mabati ambapo alimwagiwa maji ya ubatizo kichwani, baba yake akiwa amevaa shati la kuazima. Mume wa Nyaguthii aliyeitwa Macharia, mkamuaji wa ng'ombe. Kisha Benta akapanda basi mpaka misheni ya upande ule wa Moi's Bridge, akamwomba padri ruhusa, akafunguliwa chumba kilichonukia mishumaa na panya.

Alisoma mpaka macho yakauma. Mwandiko ulikuwa wa mikono mingi, mingine mizuri, mingine kama kuku amechakura. Alipomkuta mama yake, "Peresi Alo, binti wa Utiende", alijikuta akitabasamu peke yake. Mama yule wa maharagwe na baridi yabisi alikuwa pale, mtoto, kwa wino wa rangi ya chai. Ouma hakuwemo. Benta alipekua tena, akakata tamaa, ndipo akakumbuka aliyoambiwa kuhusu majirani, akaanza kumtafuta Macharia. Akampata. Na chini ya watoto wa Macharia akasoma: "Simeon, yatima wa Utiende, analelewa na Macharia na mkewe." Pembeni, kwa kalamu nyingine ya miaka ya baadaye, padri alikuwa ameandika kwamba Simeon alifunga ndoa na Virginia, kanisa la Ziwa.

Ziwa. Mahali ambapo walimu wenzake walienda kununua maziwa na mahindi siku ya soko.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Ziwa. Karani wa kanisa, mama mmoja aliyeitwa Nanyama, hakuhitaji hata kufungua kabati. Mzee Simeon yuko, alisema. Anakaa kule nyuma ya josho la ng'ombe, si mbali, na juzi tu alikuwa hapa akitengeneza viti vya kanisa. Akauliza kama ampeleke. Benta akamshukuru, akasema atarudi siku nyingine, akaandika tarehe ya ndoa.

Nje alisimama akitazama njia ya kwenda kwenye josho. Mawingu yalikuwa yametanda, na viatu vyake vilikuwa vya mjini. Si hayo yaliyomzuia. Alikuwa na jina la babu yake tu, na juu ya babu hakuna kitu. Alitaka kumpelekea Mama ukoo mzima, umechorwa ukakamilika, auweke mbele ya Jeconia atakapokuja Agosti, na mwisho wake, kama zawadi, amtaje mjomba. Akienda kwa Simeon leo, kesho mzee angekuwa jikoni kwao anakunywa chai, na kazi yake ingeishia hapo. Akageuka akarudi stejini kungoja basi.

Nyumbani alisema kazi inaendelea vizuri. Tangu siku hiyo Perez akawa anamuuliza kila mara amefika wapi, naye akawa anajibu, "Bado kidogo, Mama."

Muhula ulipofunguliwa aliendelea na safari zake za mwisho wa wiki, sasa za Nyanza. Alikaa na wazee wa ukoo wa Otiende, akawauliza nani alimzaa nani. Naibu wa chifu mmoja alimwita, akamtaka aonyeshe kadi ya chama tawala, akauliza ametumwa na nani kuandika majina ya watu na baba zao. Benta akajieleza, akaachiliwa, na baadaye kisa hicho kilimpa fahari. Alichora ukoo kwenye karatasi za manila za shule baada ya watoto kunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, na kwenda nyumbani, wino mweusi kwa wanaume, mwekundu kwa wanawake, mpaka kwa yule mzee ambaye inasemekana ndiye aliyevuka mto akitoka Uganda.

Kinyanjui aliziona manila hizo siku moja mwezi wa sita. Akasifu kazi. Halafu akaweka kidole kwenye jina la Simeon.

"Huyu mmeshaonana?"

"Bado. Nangoja Agosti, kaka yangu akija."

Kinyanjui akasema taratibu, "Mwalimu, nenda kesho."

Kesho yake Benta alikuwa ameshakata tikiti ya basi la Kisumu. Akaenda Kisumu.

Jeconia alikuja Agosti kama alivyoahidi. Benta alitundika manila ukutani na kuanza kueleza, naye Jeconia akavua miwani, akaifuta, akavaa tena na kusogea karibu. Hilo ndilo alilokuwa akilingojea, na lilikuwa tamu vilevile alivyofikiria. Perez hakujua kusoma. Alipitisha kiganja juu ya mistari kama anayepapasa kitambaa, kisha akauliza, "Na Ouma yuko wapi hapa?"

Benta akamwonyesha. "Anaitwa Simeon siku hizi, Mama. Yuko Ziwa. Kwa gari hatuchukui hata saa moja."

Perez aliinuka palepale. Aliingia chumbani, akatoka na gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. "Twende."

Walifika nyuma ya josho mchana. Ua lilikuwa limefagiliwa, na chini ya mti wa muwati kulikuwa na viti vya kanisa vimepangwa juu ya vingine, vikingoja kurudishwa. Kando ya shamba la mahindi kulikuwa na kaburi. Udongo ulikuwa bado haujakaa, na maua yalikuwa yamenyauka bila kuoza. Jeconia alizima gari na hakuna aliyefungua mlango. Simeon alikuwa amezikwa mwisho wa Julai. Presha ilimpiga akiwa anakamua, akaanguka, na hakuzungumza tena.

Virginia, mjane wake, alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Perez hakujua Kikuyu, na katika boma lile hakuna aliyejua Kijaluo, hivyo wanawake hao wawili walililia mtu mmoja kwa Kiswahili cha kubahatisha. Watoto wa Simeon walitolewa mmoja mmoja wasalimie. Kijana wa pili alipotokea mlangoni, Perez alimshika uso kwa mikono yote miwili akasema, huyu ni baba yangu. Kisha akawageukia majirani waliokuwa wamekusanyika, akamvuta Benta mkono. "Huyu ndiye alinitafutia nyumba ya ndugu yangu," alisema. "Bila huyu ningekufa bila kujua." Majirani wakamsifu Benta. Mzee mmoja akamwombea baraka.

Benta alitoka akaenda jikoni, akijifanya anasaidia kubeba vikombe. Virginia alikuwa anamimina chai.

"Wewe ndiye yule mwalimu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ni mimi, Mama."

"Nanyama alituambia mwezi wa nne. Alisema kuna mwalimu wa Eldoret ametafuta jina la mzee kwa kitabu." Aliweka sufuria chini. "Tangu hapo kila Jumamosi mzee alikuwa anavaa koti, anakaa hapo mlangoni. Alisema pengine ni watu wake. Mimi nikamwambia aende Eldoret akuulize. Akasema hapana, mtu amefika mpaka Ziwa, hapa kwetu hawezi kushindwa kufika."

Benta alivipanga vikombe kwenye sinia kimoja kimoja. Mwishowe aliuliza kama mzee alikasirika.

"Hakukasirika," Virginia alisema. "Alichoka tu. Hata mimi sikasiriki. Chukua hivi vikombe, chai inapoa."

Alivichukua. Alipita na sinia kati ya watu, na kila aliyepokea kikombe alimshukuru. Angeweza kunyamaza. Virginia, kwa jinsi alivyomwona, hangesema lolote, na Mama angerudi Eldoret akiimba sifa zake kanisani mpaka mwisho wa maisha yake. Wazo hilo ndilo lililomshinda. Alimfuata mama yake pale kaburini, ambapo Perez alikuwa ameinama anang'oa majani.

"Mama, nilijua tangu Aprili. Nilifika hapa Ziwa, nikaonyeshwa njia. Sikuja."

Perez aliendelea kung'oa. "Kwa nini?"

"Nilitaka nimalize kwanza ile ya ukutani."

Mama yake aliinuka, akakung'uta udongo mikononi, akamtazama muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka jina lake. "Rudini na Jeconia," alisema. "Mimi nitabaki hapa."

Alibaki Ziwa mpaka mvua zikapungua. Kila Jumamosi Benta alimpelekea nguo safi na dawa za miguu, na Perez alipokea, akasema asante kwa adabu, vile mtu anavyomshukuru jirani. Jeconia aliandika kutoka Nairobi kusifu ule mchoro. Benta hakujibu. Alizishusha manila akazikunja, kisha akazitundika tena, kwa sababu waliokuwemo hawakuwa wamemkosea kitu.

Perez aliporudi Eldoret hawakulizungumza tena. Alichambua maharagwe yake, akauliza habari za shule. Kuhusu ukoo hakuuliza lolote, na hata jina la yule mtu aliyevuka mto hakupata kulijua.

Mahindi yalipokauka Benta alianza kwenda Ziwa bila kuitwa. Walikaa na Virginia kwenye gunia wakipukuchua, vidole vikichubuka, na polepole Virginia akawa anamsimulia mumewe. Kwamba alipenda uji uliochacha. Kwamba aliogopa mbwa. Kwamba akiwa amelewa kidogo aliimba wimbo usio na maneno, ambao hakuna mtu pale nyumbani aliyejua aliutoa wapi. Benta alisikiliza bila kalamu. Kila jambo alilosikia alilipokea, na kila moja lilikuwa jambo ambalo mzee angeweza kumwambia mwenyewe, pale mlangoni, akiwa amevaa koti.