Pua ya Kuazima

Siku aliyogundua kwamba pua yake imekufa, alikuwa anapita nyuma ya jiko la hoteli, kwenye mtaro ambao hata paka huupita mbio. Mpishi alikuwa ameziba pua kwa aproni. Mkata mboga ameziba kwa kiwiko, kisu bado mkononi. Yeye alikuwa anakwenda taratibu kama mtu aliye bustanini, mpaka mpishi akamwuliza, "Dada, wewe umeumbwa na nini?"

Alicheka. Kisha akasimama palepale, akavuta pumzi ndefu, akavuta na nyingine, na kicheko kikamkauka mdomoni. Hakuna kitu. Mafua ya siku nne yalikuwa yamekuja yakaondoka, na katika kuondoka yakabeba mzigo usio wao.

Mtu mwingine angeshukuru kupumzishwa na mtaro ule. Lakini huyu, kazini kwake, jina lake ni Pua. Alianza hoteli ile kwa kuosha glasi, miaka tisa nyuma, bila cheti na bila mjomba wa kumshika mkono. Siku moja, akiwa na povu hadi kwenye viwiko, alimwambia mkuu wa baa wa wakati ule kwamba chupa ya sharubati ya waridi imeanza kuchacha. Chupa yenyewe ilikuwa juu ya rafu, hatua sita kutoka alipo. Mkuu wa baa akacheka, akaifungua, akaacha kucheka. Wakamjaribu kwa nyingine, na nyingine. Mwaka haukuisha kabla hajavuka ukuta kutoka kwenye sinki kwenda kwenye kaunta, na sasa mkuu wa baa ni yeye: kaunta ya shaba ya ghorofa ya tatu, viti virefu kumi na viwili, madirisha yanayotazama uwanja ambapo wageni wa kila taifa hupiga picha ya mnara uleule wa saa.

Yote hayo yalisimama juu ya pua moja. Ikiondolewa, kinachobaki ni mwosha glasi aliyezidi umri. Na lile sinki alilijua vizuri. Halikumtia hamu hata kidogo.

Wiki ya tatu sasa alikuwa anaishi kwa ujanja. Mikono ilikumbuka vipimo, macho yalikumbuka rangi. Kila kinywaji kabla hakijaondoka kaunta alitumbukiza mrija, akaziba juu kwa kidole, akadondosha tone ulimini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maigizo matupu. Ulimi ulimwambia hii tamu, hii chungu, hii kali, basi. Kuhusu mengine yote ulikaa kimya kama shahidi aliyehongwa.

Aliyeijua siri hii alikuwa mtu mmoja tu: mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyechukua nafasi yake kwenye sinki alipohama. Kati ya kaunta na chumba cha kuoshea kuna kidirisha cha kupitishia glasi chafu. Walikubaliana hivi: Pua akiwa na shaka na kitu, anakipitisha kidirishani kama glasi iliyotumika. Mama mdogo anakinusa. Akigonga sinki mara moja, kizima. Mara mbili, kimeharibika.

Siku za mwanzo kila kitu kiligongwa mara mbili. Mama mdogo hajawahi kugusa kilevi maisha yake yote. Hata dawa ya kikohozi huomba ya vidonge.

"Mama mdogo, haiwezekani vyote vimeharibika."

"Vyote vinanuka shetani, mwanangu. Unataka nidanganye?"

"Sikuulizi kama ni dhambi. Nakuuliza kama kimeoza."

"Aa. Kuoza. Ungesema." Na tangu hapo hakukosea hata mara moja, ingawa kila mara alinawa uso baada ya kunusa.

Basi, Alhamisi moja, saa saba na nusu mchana, ukumbi ulikuwa umejaa. Meza ya sita, ile ya dirishani, walikaa bwana mmoja wa kofia nyeupe na mkewe, watalii wote wawili, waliokuwa wamemwambia kila mhudumu aliyepita kwamba wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Bwana aliagiza mvinyo mwekundu wa miaka kumi na saba. Stoo zilikuwapo chupa mbili tu za aina ile.

Aliyewahudumia alikuwa kijana wa mvinyo, waliyemwita Cheti kwa sababu alikuwa nacho na hakuruhusu mtu asahau. Alikuwa amekitia fremu na kukitundika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya ndoano za aproni. Cheti alizungusha kizibo taratibu, akamimina kidogo. Bwana akanusa. Akakunja uso. Akanusa tena.

"Huu umeharibika," alisema.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Cheti kwa upole wa mwalimu. "Mvinyo mzee una tabia zake. Upe nafasi."

"Nimempa mke wangu nafasi miaka arobaini, mvinyo naupa dakika mbili tu. Umeharibika."

Mkewe akatazama nje. Meza za jirani zikaanza kula kimyakimya, ule ulaji wa mtu anayesikiliza.

Sasa hoteli ile ina utaratibu. Mgeni akikataa chupa, mhudumu habishani. Anaitwa mkuu wa baa, ananusa mbele ya mgeni, na atakalosema ndilo hilo. Cheti akainua kidole kuelekea kaunta. Na palepale kwenye nguzo, bila mtu kumwona akija, alikuwa amesimama meneja, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira visivyo na sauti. Wafanyakazi walimwita Kivuli, hasa wakiwa na uhakika yuko ghorofa nyingine.

Pua alifuta mikono iliyokuwa mikavu. Kutoka kaunta hadi meza ya sita ni hatua kumi na nne. Siku ile alizihesabu.

"Karibuni sana, na hongereni kwa arobaini," alisema. Sauti ilitoka vizuri, akashangaa mwenyewe. Akainua glasi, akaizungusha, akaingiza pua yote ndani.

Ilikuwa kama kunusa picha ya ukutani.

Akabaki mle ndani ya glasi kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akatazama nyuso kupitia ukingo. Bwana ana uhakika. Cheti ana uhakika. Akikubaliana na bwana na mvinyo ukawa mzima, Cheti ataupeleka kwa meneja aonje, na Pua atakuwa amemwaga chupa isiyo na kosa. Akikubaliana na Cheti na mvinyo ukawa mbovu, bwana ataunywa huku anajua, na keshokutwa nusu ya dunia itasoma kwenye simu zao kwamba mkuu wa baa hapa hajui kitu. Meneja alikuwa amesogea hatua moja mbele.

"Nipeni dakika," alisema Pua. "Nataka niuangalie kwenye mwanga wa kaunta."

"Mwanga?" alisema Cheti chini chini, akimfuata. "Dada mkuu, mvinyo unanuswa au unapigwa eksirei?"

"Kaa na wageni wako."

"Wageni wangu wanauliza glasi yao inakwenda wapi."

Alifika kidirishani, akashika kijiko kwa kujifanya ana kazi, akaisukuma glasi ndani. Akasubiri sinki ligongwe. Halikugongwa. Sinki lilikuwa linatiririka maji peke yake na mama mdogo hayupo.

Pua aliinama akachungulia. Kreti ya glasi, brashi, ndoo. Mlango wa nyuma uko wazi. Akajua: leo ni siku ya kushusha chupa tupu, na mama mdogo akishuka nazo hukutana na mlinzi, na mlinzi ana goti, na goti lile lina historia ndefu. Nyuma yake barafu ililia ndani ya ndoo yake. Kwenye meza ya sita bwana alitazama saa ya mkononi, kisha akautazama mnara wa saa, kana kwamba moja haitoshi.

Aliwaza kusema tu. Umeharibika, au mzima. Neno moja, bahati nasibu. Mara ngapi watu wamebahatika kwa chini ya hapo? Alikuwa ameshafungua mdomo pale mama mdogo alipoingia akikung'uta mikono.

"Goti lake limevimba tena, maskini—"

"Mama mdogo, hiyo. Haraka."

Alivyouona uso wa mtoto wa dada yake hakuuliza. Akaichukua glasi, akanusa, na akasahau kabisa habari ya kugonga.

"Hee. Hiki ni kitambaa cha sakafu. Kile unachokisahau ndani ya ndoo Jumamosi ukakikuta Jumatatu."

"Una uhakika?"

"Mimi? Na vitambaa? Niko navyo tangu hujazaliwa."

"Nani kamruhusu mwosha vyombo kushika kinywaji cha mgeni?"

Viatu vya mpira. Meneja alikuwa amesimama mwisho wa kaunta, mkono juu ya shaba. Sauti yake haikupanda, na hicho ndicho kilichotisha.

Mama mdogo aliweka glasi chini. Alimtazama Pua mara moja tu, kisha akajifuta mikono na kuanza kudanganya, kazi ambayo hakuwa na kipaji chake. "Ni mimi, mama. Kiherehere changu. Nimeiona glasi nzuri, nikasema hebu ninuse. Yeye hakujua. Alikuwa ameinama anatafuta... anatafuta kitu."

"Kitu gani?"

"Kijiko."

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Pua.

"Unajua sheria," meneja alimwambia mama mdogo. "Glasi ya mgeni ikishaguswa na mkono wa sinki, aliyegusa anakwenda nyumbani. Siyo leo tu. Vua aproni."

Mama mdogo akaanza kufungua kamba mgongoni. Vidole vyenye maji havikulipata fundo, ikabidi ajaribu upya. Huyu ndiye aliyempokea Pua mama yake alipofariki, akamsomesha kwa mikono hiyohiyo, na sasa alikuwa anahangaika na kamba ili mtoto abaki juu ya kaunta. Na Pua, aibu yake ilioje, kwa muda wa pumzi mbili aliiacha kamba ifunguliwe.

Pumzi ya tatu akasema, "Nimempa mimi."

"Usiingilie," alisema mama mdogo.

"Nimempa mimi, bosi. Sinusi. Tangu mafua yale, wiki ya tatu hii. Yeye ndiye ananinusia."

Cheti, aliyekuwa amekuja kuuliza kulikoni, alibaki mdomo wazi kama droo.

Meneja aliichukua glasi, akanusa mwenyewe. Akavuta kichwa nyuma. "Kitambaa cha sakafu," alisema polepole. Akamgeukia Cheti. "Na wewe ulinusa nini?"

"Mimi... umri, bosi."

"Umri," alirudia meneja. Kisha kwa Pua, "Wageni wanasubiri. Nenda ukawaambie. Halafu turudi hapa."

Hatua kumi na nne tena. "Mna haki," aliwaambia meza ya sita. "Kizibo kimeuharibu. Mtuwie radhi, tunawaletea chupa nyingine."

"Umenusa nini hasa?" aliuliza bwana, bado ana ushindani kidogo. "Nataka kujua kama tumenusa kitu kimoja."

Alikuwa amechoka kuigiza. "Mimi sijanusa kitu, mheshimiwa. Pua yangu inaumwa. Aliyenusa ni mama yangu mdogo, huko nyuma, na amesema ni kitambaa cha sakafu kilichosahauliwa kwenye ndoo."

Bibi wa meza ya sita akageuka kutoka dirishani, mara ya kwanza tangu ubishi uanze. "Ndicho," alisema. "Ndicho hicho. Nilikuwa nalitafuta neno." Akaanza kucheka, na bwana, kwa kuona miaka arobaini haijaharibika, akacheka naye. "Chupa ya pili anuse huyohuyo mama," alisema bibi. "Mimi simwamini mwingine."

Ikawa hivyo. Mama mdogo aliletwa ukumbini na aproni yake, ambayo fundo lake lilikuwa limekataa katakata kufunguka. Alisimama kati ya vitambaa vyeupe na nyuso zilizoacha kutafuna, akanusa, akafikiri. "Huu mzima," alitangaza. "Mimi situmii, lakini mzima." Akarudi zake sinkini, akanawa uso.

Kwenye kaunta, meneja alizungumza kwa sauti ya chini. Mama mdogo anabaki. Pua aende kwa daktari wa pua na masikio kesho asubuhi, alete karatasi. Mpaka mwisho wa mwezi unaokuja, chupa atafungua Cheti, na kila kinywaji kitakachotoka kwenye mikono ya Pua kitaonjwa na Cheti kabla hakijaondoka.

"Na baada ya mwisho wa mwezi?" aliuliza Pua.

"Baada ya mwisho wa mwezi tutajua una pua au huna." Na viatu vya mpira vikaondoka bila kuacha hata mlio.

Agizo lililofuata lilikuwa jepesi: jini, ndimu, sharubati ya iliki, barafu. Pua alipima hadi mstari, hakuzidisha tone. Akatikisa, akachuja, akaiweka glasi juu ya shaba. Cheti akachukua mrija, akaziba kwa kidole, akadondosha. Akafumba macho. Tangu ahamie kaunta hakuna mtu aliyekuwa amefumba macho kuipima kazi yake.

"Iliki imezidi," alisema Cheti.

Alimtazama usoni. Alitafuta hila, alitafuta ukweli, na uso wa Cheti ulikuwa kama mvinyo ule: hakuna kilichotoka. Labda sharubati ya leo imepikwa nzito. Labda kijana alikuwa anajilipizia ule "umri" wake. Kidirishani mama mdogo alikuwa ameinamia rundo la sahani za chakula cha mchana, na kumwita sasa kungekuwa kumrudisha kwenye moto aliotoka dakika kumi zilizopita.

"Nimepima," alisema Pua.

"Na mimi nimeonja."

"Basi mwambie bosi umekataa." Akaisukuma trei mbele. "Au ipeleke."

Cheti alisita, akaibeba. Pua akamfuata kwa macho, mikono yote miwili juu ya shaba, hadi meza ya pili ambako mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa aliipokea huku anaendelea kuzungumza na mwenzake. Akainua. Akanywa kidogo. Akaweka glasi chini, akagusa ukingo wake kwa kidole, akaendelea na mazungumzo.

Pua aliendelea kutazama, akisubiri anywe mara ya pili.