Kifungo cha Hamsini na Sita

Kazi yake ilikuwa kukosea. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya kamera tatu na watoto arobaini walioletwa na shule zao, alivaa koti refu la rangi zote, kofia iliyobonyea na viatu visivyolingana, akaitwa Bwana Kasoro, na akakosea hesabu kwa bidii ambayo watu wengine huitumia kutafutia cheo. Akiulizwa tano jumlisha sita, alijibu kumi na moja na nusu, akaeleza kwamba hiyo nusu ni ya dharura.

Majibu hayo hakuyatunga yeye. Yaliandikwa kwenye mswada kwa wino mwekundu ili asije akapatia kwa bahati mbaya. Akishajibu, mpiga ngoma alipiga mara tatu, mpiga kinanda akashuka kutoka sauti nyembamba hadi nene kama mtu anayeteleza kwenye ngazi, na watoto wote wakapaza sauti kwa pamoja, "Umekosea, Bwana Kasoro." Hapo bendi ilianza wimbo wenye jibu la kweli, na kila mtu akaucheza, hata wabeba kamera.

Mtayarishaji wa kipindi alikuwa mama aliyefundisha hesabu miaka kumi na minane kabla ya kuingia televisheni, na studio nzima ilimwita Mwalimu. Sheria yake ilikuwa moja. "Humu ndani mwenye akili ni mtoto," alisema. "Wewe ukipatia, mtoto atafanya nini? Atakupigia makofi alale. Kosea baba, kosea vizuri, tulee taifa."

Jambo ambalo Mwalimu hakulijua ni kwamba mara nyingi Bwana Kasoro naye alilisikia jibu la kweli kwa mara ya kwanza wimbo ulipoanza. Shuleni hesabu zilimpiga chenga mapema. Mwalimu wake wa wakati ule alipomnyooshea kidole, yeye alitoa jibu la ajabu kiasi kwamba darasa lilivunjika mbavu, na katikati ya vicheko fimbo ilisahaulika. Uchekeshaji wake ulianzia hapo, kwa kujiokoa. Mkewe, ambaye alimjua ndani nje, alipenda kuwaambia wageni, "Mume wangu ana bahati. Kule wanamlipa kwa kitu anachokifanya hapa nyumbani bure."

Yeye alicheka na wageni. Hakuwahi kuona aibu, mpaka Jumatatu ile binti yake wa miaka tisa aliporudi kutoka shule, akaweka begi chini, akakaa mbele yake bila hata kuvua viatu.

"Baba, Jumamosi darasa letu ndilo linakuja studio."

"Safi sana, mama. Nitakukonyeza."

"Usinikonyeze." Mtoto alitazama magoti yake. "Mashavu anasema ujinga unarithiwa. Nikikosa swali moja tu darasani, anapiga meza mara tatu, na wote wanasema, umekosea, Binti Kasoro."

Mashavu alikuwa mwenzake wa darasani, mwenye mashavu ya kujaza dirisha na ulimi usio na kufuli. Baba mtu alianza kutafuta utani wa kumfariji, akaukosa. Hii ilikuwa ile aibu aliyoikwepa tangu utotoni, sasa imempata mtoto wake.

"Unataka nifanye nini?"

"Jibu sawa. Mara moja tu, wakiwa wanaangalia."

Mswada wa Jumamosi ulikuwa mezani. Bwana Kasoro angesema koti lake lina safu saba za vifungo, kila safu vifungo vinane, kisha angejiuliza jumla ni ngapi. Kwa wino mwekundu: hamsini na nne. Binti alisoma, akainua macho. "Lakini jibu lenyewe unalijua, si ndiyo?"

Baba alikohoa. Alikohoa tena. Mtoto akaelewa, na kwa heshima yake akaufunika mswada.

Jumanne akaenda kuliomba koti kwa fundi cherehani wa studio, mzee mkali aliyeshona vile vifungo kimoja kimoja, kila kimoja cha aina yake. "Nataka kufanyia mazoezi nyumbani," alisema.

"Mazoezi ya kuvaa koti?"

"Ya kutembea nalo, mzee wangu."

Fundi alimkabidhi shingo upande. "Kikipotea kifungo kimoja, na wewe potea hukohuko."

Wakaanza kila jioni baada ya chakula. Baba alisimama katikati ya sebule amevaa koti juu ya pajama, na binti akapiga magoti, akipita safu kwa safu, akishika kila kifungo kwa vidole viwili na kukizungusha kidogo. Nane. Kumi na sita. Ishirini na nne. Jumanne baba alikwama thelathini na mbili. Jumatano alifika arobaini na nane, akashangilia mapema, akaporomoka. Mkewe alipita na beseni la nguo, akawatazama, akaendelea na safari yake. Alhamisi alifika hamsini na sita mara nne mfululizo, ya tano akiwa amefumba macho.

Ijumaa binti hakutaka koti. "Leo tufanye kwa kichwa," alisema, na akalikunja yeye mwenyewe, akalitia kwenye begi tayari kwa kesho. Baba alimsifu kwa unadhifu. Usiku ule alilala akihesabu, na namba zilikuwa zimemzoea sasa, zikawa zinakuja zenyewe. Hata ya saba mara tisa ilimjia bila kuitwa. Hakumwambia mtu.

Jumamosi darasa likaketi kwenye mabenchi ya rangi. Mashavu alikaa mbele kabisa. Binti alikaa safu ya pili, mikono mapajani. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, na Mwalimu, vipokea sauti masikioni, alisimama nyuma ya kamera ya kati akihesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja.

Bwana Kasoro aliingia akajikwaa panapostahili, akagombana na kiti, akapotelewa na kofia iliyokuwa kichwani. Kisha akafungua koti kama tausi anayefungua mkia. "Safu saba," alisema, "kila safu vifungo vinane. Sasa, jumla yake ni vifungo vingapi?"

Alikuna kichwa, kama mswada ulivyotaka. Alimtazama binti yake, hakumkonyeza. "Hamsini na sita," akasema.

Ngoma ililia mara tatu, maana mpiga ngoma alisoma karatasi, hakusikiliza mtu. Kinanda kikateleza ngazi. Watoto arobaini wakapaza sauti, kwa furaha yao yote, "Umekosea, Bwana Kasoro." Na bendi ikaanza, na wote wakaimba wakikatika viuno: saba mara nane, hamsini na sita, saba mara nane, hamsini na sita.

Waliimba ubeti mzima. Ubeti wa pili msichana mmoja aliacha kucheza. Kisha jirani yake. Wimbo ulififia kwenye mabenchi, bendi ikabaki peke yake, halafu nayo ikanyamaza. "Lakini si ndivyo alivyosema?" aliuliza yule msichana.

Nyuma ya kamera Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Haiwezekani," alisema Mashavu, akasimama. "Huyu ni Bwana Kasoro. Hawezi kupatia. Basi hilo koti ndilo lina kasoro. Hebu tuhesabu vifungo vyake."

Hili halikuandikwa popote. Mabenchi yakamiminika. Watoto walimzunguka, wakashika koti pande zote, wakahesabu kwa sauti, na taifa zima likihesabu pamoja nao: arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini. Bwana Kasoro alisimama wima kama nguzo, kwa raha zake. Hesabu hii aliijua. Alikuwa amelala nayo.

"Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Hamsini na tano." Kidole cha Mashavu kilifika mwisho wa safu ya chini na kugusa kitambaa kitupu. "Hamsini na tano," alirudia taratibu, kwa utamu. "Umekosea, Bwana Kasoro."

Studio ililipuka kwa vicheko. Mpiga ngoma akapiga mara tatu, safari hii kwa hiari yake. Bwana Kasoro aliinama akaangalia pindo: uzi mfupi wa kijani ulikuwa unaning'inia pale palipokuwa na kifungo. Kwenye mlango wa chumba cha mavazi fundi cherehani alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Utani wote uliomwokoa miaka arobaini haukuja hata mmoja. Alikuwa amejifunza, alikuwa amejibu, na bado alikuwa mjinga mbele ya mtoto wake.

Alimtafuta kwa macho. Binti alikuwa peke yake kwenye mabenchi. Alikuwa anavua kiatu.

Akaja na soksi moja, kiatu mkononi, akapenya katikati ya wenzake. Alikigeuza kiatu, na kifungo cha kijani kikadondoka kwenye kiganja chake. "Hiki hapa," alisema. "Nilikitoa mimi, Alhamisi, nilikuwa nakizungusha kikakatika. Nikamwogopa fundi." Akamgeukia Mashavu. "Haya, hesabu."

Mashavu alitazama kifungo. Alitazama pindo. Alihesabu, kwa kuwa hesabu haina pa kukimbilia. "Hamsini na sita," akasema, kwa sauti ndogo sana kuliko mashavu yake.

"Amepatia," binti akasema. "Baba yangu amepatia."

Katika miaka mitatu bendi haikuwahi kutunga wimbo wa Bwana Kasoro kupatia. Mpiga ngoma alimtazama mpiga kinanda, mpiga kinanda akatazama dari, na kwa kukosa la kufanya akapiga wimbo wa kufungia kipindi, dakika sita kabla ya wakati. Watoto hawakujali. Walikuwa wameshaanza kuhesabu mabenchi, taa, na meno ya mbeba kamera.

Mwalimu alimpata Bwana Kasoro kwenye korido. "Nilikwambia kosea," alisema.

"Samahani, Mwalimu."

"Nilikwambia kwa Kiswahili." Alivua vipokea sauti, akakaa juu ya sanduku la nyaya. "Miaka mitatu nimeamini wanapiga hesabu. Kumbe wanamsikiliza mpiga ngoma." Alikuwa na huzuni kweli. Kisha tabasamu la utundu likamjia pembeni mwa mdomo. "Kuanzia wiki ijayo ngoma hailii mpaka wao wamehesabu. Na wewe, mara mojamoja, patia. Usimwambie mtu ni lini. Hata mimi."

Kwenye chumba cha mavazi baba alimkuta binti yake ameketi kwenye kigoda, koti mapajani, sindano mkononi. Fundi cherehani hakumgombeza. Alimpa uzi mara mbili ya uliohitajika, akamwambia ashone mpaka kifungo kigande kama kimezaliwa pale, kisha akaenda kunywa chai yake. Baba akachuchumaa kando.

"Ulijua hakipo, ukaniacha nipande jukwaani?"

"Nilidhani hawatahesabu. Hawajawahi."

Mtoto alivuta uzi, akapiga fundo, akakata kwa meno. Alipomaliza alikizungusha kifungo mara moja, akakumbuka, akauficha mkono.

"Baba. Saba mara tisa?"

Alijua. Ilikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi, sitini na tatu, imekaa imetulia. Alitazama dari. Alikuna kichwa kama mtu anayetafuta funguo.

"Sitini na mbili," alisema. "Na nusu."

Binti hakusema umekosea. Alimkazia macho, muda mrefu, mpaka baba mtu akaanza kushindwa kuzuia mdomo.

"Unajua wewe," alisema, akamvalisha koti.