Mpiga Pasi Asiyekauka

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mpiga pasi aliingia kwenye duka la dobi akiwa amelowa chapachapa. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele, viwiko na pindo la gauni, ingawa nje jua lilikuwa kali. Mwenye duka alimtazama, akaenda kuleta ndoo.

"Vaa malapa," alisema. "Hiyo sakafu inateleza."

Mpiga pasi alimweleza kwamba jana yake alijizamisha mara tatu kwenye birika kubwa la ibada mbele ya mashahidi, akatoka Myahudi. Tangu hapo alikuwa amejifuta kwa mataulo manne.

"Basi Jumamosi hutakuja," mwenye duka alisema.

"Sitakuja."

"Utafidia Jumapili." Akamkabidhi mashati ya hoteli.

Miaka mitatu nyuma, binti wa mpiga pasi, mwenye miaka sita, alikufa kwa homa, siku mbili tu baada ya kulalamika kuumwa kichwa. Msibani, mpiga pasi aliuliza kwa nini. Hakuwa akimuuliza mtu yeyote hasa. Shangazi yake alimziba mdomo kwa kiganja kilichonuka kitunguu, akasema kazi ya Mungu haina makosa, na anayeuliza anajitafutia balaa jingine. Mpiga pasi hakuuliza tena.

Kisha siku moja alipeleka vitambaa vya meza kwenye sinagogi la madhehebu ya kale, akakuta wazee wawili wakigombana juu ya mstari mmoja wa kitabu, mate yakiruka. Alidhani watashikana mashati. Mmoja akamtoa wasiwasi: walikuwa wanabishana na Mungu, na ubishi wenyewe ni wa siku nyingi. Mpiga pasi aliketi kwenye ngazi mpaka walipomaliza.

Alisoma pale mwaka mzima. Rabi wao hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alipoulizwa kuhusu sala ya wafiwa, alisema inataka watu kumi, na hao kumi ni wanaume.

"Na mimi niliyemzaa?"

"Utasikiliza nyuma ya pazia. Huhesabiwi, lakini hudharauliwi."

"Mimi nilishanyamazishwa, rabi. Sikuja huku kunyamazishwa kwa adabu."

Akahamia kwa Wayahudi Wanamageuzi, ghorofani juu ya duka la rangi, ambako wanawake wanahesabiwa. Waumini walikuwa tisa, na walimhitaji. Rabi wa madhehebu ya kale aliposikia habari za birika, alituma ujumbe kwamba kuongoka huko kwao hakutambuliki, awe mkavu au awe amelowa.

Mama yake aliitisha kikao cha familia. Wifi yake alitandika nailoni kwenye kochi kabla hajaketi. Kuhusu maji hakuna aliyesema neno, isipokuwa kaka yake alisogeza simu yake pembeni. Kuhusu dini walisema mpaka adhuhuri.

"Si ungebaki kwetu ukakasirika?" mama alisema. "Nani alikukataza kukasirika?"

"Shangazi, mama. Na wewe ulikuwa umenishika mikono."

Mama alisema aliyeacha dini ya waliomzaa amewaacha waliomzaa, na kwamba kuanzia leo yeye ana mtoto mmoja. Kaka, ambaye ndiye huyo mmoja, akainuka akafungua mlango.

Siku ya kumbukumbu ya mtoto, mpiga pasi alimtumia mama yake ujumbe wa kumwalika. Mama hakujibu wala hakuja. Ghorofani walihesabiana, yeye akawa wa kumi. Ile sala haiulizi kwa nini. Inamsifu Mungu tu, mwanzo hadi mwisho. Aliitamka yote kwa sauti, maji yakimwingia machoni, na hakuna mkono uliomgusa mdomo.

Dukani mambo yalimnyookea. Chupa ya kunyunyizia nguo haikuhitajika tena, na wateja walisema kola zao hazijawahi kukaa vile. Watu wakaanza kuleta nguo kutoka mitaa ya mbali. Walimsalimia, wakaruka dimbwi, wakaenda zao.

Siku moja mama yake akaingia kuchukua shuka, maana alikuwa anatarajia wageni. Mpiga pasi alikuwa mezani, hatua tatu kutoka kaunta, na ya kwanza kati ya hizo shuka ilikuwa mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

Mama alimgeukia mwenye duka. "Naomba mfanyakazi wako asiguse shuka zangu."

"Mama, anayepiga pasi hapa ni huyu tu," mwenye duka alisema. "Na hakuna anayemfikia."

"Nimesema asiziguse."

Mpiga pasi aliiweka shuka chini na kurudi nyuma mpaka ukutani. Mwenye duka alizikusanya zote, zikiwa na mikunjo yake, akazitia kwenye mfuko. Mama akaupokea.

"Basi zitalaliwa hivyo hivyo," alisema.