Mayai Jikoni na Jua Litakalozimika

Umeme ulikatika asubuhi, na mayai ya mjukuu wangu yalikuwa karibu kuanguliwa. Mashine ya kutotolesha aliiunda mwenyewe kwa kabati kuukuu, balbu na kioo cha dirisha, akaiweka jikoni kwangu, mbali na upepo wa mlango. Hao ndio wangekuwa kuku wake wa kwanza. Lakini alikaa tu kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mfiwa.

Tangu juzi alikuwa hivyo. Chuoni walifundishwa kwamba jua litazimika, nyota nazo, na mwisho wa yote ulimwengu mzima utakuwa na ubaridi ule ule, pasiwe na kitu cha kupasha kingine joto.

"Fundi umeme kasema mpaka jioni," nikamwambia. "Utakaa tu, mke mwenzangu?" Namwita hivyo kwa sababu babu yake anampenda kunizidi mimi.

"Yatapoa, Bibi. Kila kitu kinapoa."

"Na hilo jua linazimika lini?"

"Miaka haihesabiki."

"Basi maji ya kuyapashia mayai yatawahi kuchemka."

Hakucheka. Nikafungua kabati nipapase yai. Akaruka!

"Funga, Bibi! Unalitoa joto lote!"

"Si umesema litatoka tu?"

"Litatoka, ndiyo, lakini kwa nini litoke leo?"

Akasimama pale, kashika mlango wa kabati. Kisha akavua sweta lake akaziba mwanya wa juu, akaacha kitundu cha hewa. Joto hukimbilia penye baridi, alisema, basi tulibanie njia. Nikabandika sufuria ya maji kwenye mkaa. Yeye akajaza chupa maji ya moto, akazifunga taulo, akazipanga pembeni zisiguse mayai. Kipimajoto kikashuka, kikasita, kikapanda kidogo, kikashuka tena. Tukabadilisha chupa mpaka vidole vikatuwia vyekundu.

Jioni fundi umeme akachungulia. "Mna mgonjwa humu?"

"Wagonjwa wenyewe hawajazaliwa," nikamjibu.

"Poleni. Nguzo imeanguka. Umeme ni kesho."

Nilimtazama mjukuu wangu. Hakukaa. Alichukua yai moja akaligusisha kwenye kope, pale ngozi inapohisi upesi.

"Hilo limeshapoa," nikasema nilipoligusa. "Liweke kando."

"Silitoi." Akalirudisha katikati ya wenzake, akasogeza chupa karibu. Yai la pembeni lilikuwa na ufa mwembamba, na ndani yake kitu kinagonga.

"Mkaa upo, Bibi?"

"Upo."

"Basi bandika tena."