Meno ya Mpangaji

Watu wa mtaa walimwita Majani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mwanamke mzima, akili zake timamu, unamkuta amechuchumaa kando ya mfereji, shavu karibu liguse ukingo, anamtazama mdudu anavyojifuta uso. Ukimsalimu haitikii. Ananyoosha kidole kimoja tu, yaani ngoja, mwenzetu hajamaliza.

Kazi yake ilikuwa kuchora. Bosi hakuwa naye, ofisi hakuwa nayo, na rangi za dukani hakuzitaka. Kijani alikikamua kwenye mchicha, njano aliitoa kwenye manjano ya jikoni, udongo mwekundu aliuchimba nyuma ya bafu, na weusi ulikuwa mkaa aliousaga kwa mkono wake. Ili rangi ishike karatasi aliikoroga na uji mwepesi wa ngano. Kaka yake alisema hiyo si picha, ni chakula cha mgonjwa.

Huyu kaka alikuwa fundi bomba, na nyumba ilikuwa yake. Chumba cha uani alichochorea Majani, kaka alikuwa na hamu nacho siku nyingi, maana mabomba yalishajaa ukumbini na kila mgeni alilazimika kuyaruka kama mbuzi. Mwishowe akatoa neno.

"Dada, kesho daktari wa meno anakuja kuiangalia picha yako, anataka ya kutundika wagonjwa wanapongojea. Akiichukua, chumba chako, sitakisema tena. Akiikataa, mabomba yanaingia, na wewe unakuja kukaa kaunta dukani kwangu, uuze koki."

"Sawa," alisema Majani. Alijiona yuko kaunta, kazungukwa na koki mia, hata moja haina mbawa.

Picha yenyewe ilikuwa jani moja kubwa la boga, na juu ya jani konokono. Konokono wa kweli alikuwa mle mle chumbani, kwenye beseni la majani mabichi, kwa sababu Majani hakuchora kitu cha kukumbuka. Alichora kitu kinachomtazama. Alimwita Mpangaji. "Nyumba yake anayo mgongoni," alisema, "na bado anakaa kwangu bila kodi." Kila jioni alimfunika kwa chekeche, na juu ya chekeche jiwe.

Sasa, nyumbani hapo palikuwa pia na shangazi yao, aliyekuja kusalimia mara moja na tayari alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia mkoba. Shangazi alipenda vitendawili kuliko chai. Jioni ile alitaka kuchekecha unga, akatafuta chekeche jikoni asilione, akalikuta chumbani kwa Majani. Jiwe akaliweka pembeni kwa adabu kabisa.

Asubuhi Majani alipofungua mlango, Mpangaji alikuwa juu ya fremu ya picha, amejivuta ndani ya nyumba yake, ameshiba. Jani la boga lilikuwa limetoboka. Kingo zote zimetafunwa, na katikati tundu ungeweza kupitisha kidole gumba. Mchicha na uji wa ngano, nani angekataa? Konokono wa kuchorwa tu ndiye hakuguswa. Huenda ni heshima ya ukoo.

Majani alikaa sakafuni. "Shangazi," aliita taratibu, "chekeche liko wapi?"

Shangazi akaja nalo mkononi, unga mpaka kwenye nyusi. Akatazama beseni, akatazama picha. "Kitendawili," alisema kwa sauti ndogo.

"Si sasa, shangazi."

"Haya. Lakini jibu ni mimi."

Kaka naye akatokea, bomba begani, maana alishaanza kuhamisha. Alipaswa kufurahi, ila fundi bomba hawezi kuona tundu akatulia. Mkono ulienda wenyewe mfukoni, ukatoka na ule utepe mweupe wa kuzuia maji yasivuje.

"Nizibe?"

"Toka, kaka."

"Kwa nyuma tu. Haitavuja."

Shangazi alikuwa ameshaingia nyuma ya mlango, akatoka na picha nyingine, hii ya waridi. "Mwoneshe hii, mwanangu. Imetulia, haina ugomvi na mtu."

Picha hiyo Majani aliichora zamani kwa kutazama ua la plastiki, na kwa aibu akaigeuza uso ukutani. Aliishika, akaitazama. Waridi kila mtu huchukua. Daktari angeichukua, na chumba kingepona. "Ua hili halijawahi kunywa maji," alisema mwishowe, akaigeuza tena picha ukutani. "Nitamwonesha iliyoliwa."

"Basi nafuata mabomba mengine," kaka akasema, akaondoka.

Daktari alifika akiruka mabomba, kiatu kimoja kimemvuka, amekishika mkononi. Alikuwa mwembamba, si mtu wa maneno. Aliisogelea picha, akatoa mfukoni kile kioo kidogo chenye mpini anachotazamia vinywa vya watu, akakipitisha kwenye kingo za jani, pole pole, tundu kwa tundu.

"Nani amekata hapa?"

"Mpangaji wangu." Majani alimwonesha. "Jana lilikuwa jani zima. Sikutaka kukuficha."

"Chekeche nilitoa mimi, daktari," alidakia Shangazi. "Nami sielewi ametafunaje, maana jino hana hata moja."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, huyu ana maelfu ya meno. Madogo madogo, yamejipanga juu ya ulimi. Yakisagika yanaota mengine. Ndiyo maana kwangu hajawahi kuja hata mmoja wao." Akarudisha kioo chake mfukoni. "Naichukua. Tena usizibe hata tundu moja. Wagonjwa wangu hukaa wakisikiliza mashine ya mwenzao. Wacha watazame meno yanayofanya kazi kimya."

Majani akambandua Mpangaji kwenye fremu, akambandika ukutani, na picha ikaenda zake kwapani mwa daktari, ikiruka mabomba.

Kaka aliporudi na mzigo begani alikuta ukuta mtupu. "Ameichukua ile ile? Iliyoliwa?"

"Ile ile," alisema Majani.

"Hapana. Hayo ni makombo. Sisi tulipatana picha."

Majani akafungua kinywa, lakini Shangazi aliinua mkono wenye unga. "Mwanangu, teremsha mzigo kwanza. Kitendawili."

Kaka akashusha pumzi, akashusha na mabomba, akabaki na moja mkononi kama mlinzi wa geti. Aliyelelewa na shangazi yule hakuweza kukataa. "Tega."

"Ana meno maelfu, na halijamuuma hata moja."

"Msumeno."

"Msumeno hausogei mpaka usukumwe."

"Kitana."

"Hicho ulikisahau tangu nywele zilipokuaga."

"Tupa ya kunolea chuma," alisema kaka, kwa uhakika wa fundi.

"Hujapata."

Alitazama dari, akatazama viatu. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chagua, shangazi. Chukua mkubwa, wenye bandari na treni."

"Miji mikubwa itanichosha miguu. Nipe hiki chumba, nami nampa Majani. Na jibu lako hilo hapo, linapanda bomba."

Kweli, Mpangaji alikuwa ameteremka ukutani, akahamia kwenye lile bomba la mkononi mwa kaka, lililoegemea ukuta, pembe nje, anaelekea mkono wa fundi.

"Nimwondoe?"

"Usithubutu," alisema Majani, karatasi ilishafika magotini. "Shika hivyo hivyo. Usimpumulie."

Fundi akasimama wima, jasho likimtoka puani. "Dada, mpaka lini?"

Majani hakuitikia. Alinyoosha kidole kimoja.