Kijani Kwenye Ramani

Kabla ya kuhamisha mbuzi, baba yangu hurusha akala zake za tairi juu na kusoma jinsi zilivyoanguka. Safari hii zote mbili zilianguka soli juu. Kwake hiyo ni njia isiyo na maji.

Mimi nilikuwa na simu. Nilikuwa nimetoka Lodwar, kwenye mafunzo ya siku tatu ya kusoma ramani ya malisho inayotokana na picha za setilaiti, na cheti nilipewa. Nikamwonyesha korongo moja mashariki ya Kakuma, mwendo wa siku mbili. Lilikuwa kijani kabisa.

"Apa, hizo ni tairi tu," nilimwambia baba. "Hii imetazama kutoka juu."

Alicheka kidogo. "Niliuza ngamia ili usome, Akiru. Nisipokusikiliza, si afadhali ningebaki na ngamia?"

Akavaa akala zake, akaondoka peke yake na mbuzi na dumu moja la maji. Zamani korongo lile lilikuwa na kisima.

Siku ya tatu nilipita kwa Pontien, Mkongo anayeuza makaa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nikamwonyesha ramani, nikijivuna.

"Hapa?" aliuliza. "Dada, makaa yangu yote inatoka hapa, akina mama wananichomea. Ni mathenge tupu. Nyasi hata moja hakuna."

"Na kisima?"

"Mathenge ilikunywa kisima kitambo."

Kichaka kile cha miiba hubaki kijani hata ardhi ikikauka. Setilaiti haikudanganya, iliona kijani, na kijani kilikuwepo. Niliyesema ni malisho ni mimi.

Nilimpigia Apa. Hakupatikana. Nikapiga tena, na tena.

Pontien alipiga magoti. "Tuombe kwanza."

"Utaomba ukiendesha!"

Akafunga madumu mawili ya maji nyuma ya pikipiki, tukaondoka. Aliomba kwa sauti njia nzima, na mimi niliyezidharau akala nikaitikia kila amina.

Karibu na korongo tuliona nyayo. Akala ya kushoto ya Apa ilikatwa kwenye tairi tofauti, mistari yake imelala upande. Nyayo ziliingia kichakani, zikatoka, zikazunguka, zikawa za miguu inayoburutwa. Kisha mbuzi mmoja amelala. Kisha wawili.

"Usiangalie hao," Pontien alisema.

Lakini niliangalia kila kivuli, nikiogopa kuona mguu.

Tulimkuta chini ya mwamba, midomo imepasuka, dumu tupu amelilalia. Mbuzi waliobaki walikuwa wamesimama kumzunguka. Nilimpa maji kwa kifuniko, kidogo kidogo, mpaka akaweza kumeza vizuri.

"Ejok, Akiru," alinishukuru. Nilingoja anilaumu. Badala yake alinyoosha mkono kuelekea mfuko wangu.

"Toa simu. Sasa inasema twende wapi?"

Hofu ya njia nzima haikufikia ile niliyoipata kwa swali hilo. Mkono ulikuwa umeshagusa simu, nikauondoa.

"Wale akina mama wanaochoma makaa," nilimwuliza Pontien, "maji wanachota wapi?"